Mke wa Ami, Aliyekufa Mara Nne

Kwa mwaka mzima na miezi kadhaa nilikana kwamba mimi ndiye niliyewapa Wapolandi namba ya simu. Nilikana mezani, siku ya Ijumaa, mdomo ukiwa umejaa wali, nikasema huenda ni watu wa ubalozi, kwa kuwa ubalozi hauji kula kwetu na hauwezi kujitetea. Nikakana tena kwenye kundi la ukoo kwenye simu, kwa kile kikatuni cha mtu anayeinua mabega. Sikuapa. Mimi ni mtu wa dini ya wastani, na wastani wangu unaishia hapo: kusema uongo naweza, kuapa siwezi.

Leo nakiri: ni mimi. Nakiri na la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Nilipowaandikia Wapolandi sikuwa nawapa habari, nilikuwa nawauliza. Nilitaka kujua kama yule mwanamke niliyemjua tangu nina miaka sita, aliyetuambia siku zote kwamba kwao alikuwa mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, alikuwa mwigizaji kweli. Kwa sababu ya swali langu alitafutwa apewe kazi moja ya mwisho. Kwa sababu ya kukana kwangu alikaribia kuikosa.

Alikuwa mke wa ami yangu, kaka mkubwa wa baba. Tukimtaja ukoo mzima tulisema Mke wa Ami, kana kwamba ami alikuwa mmoja tu duniani na wake wa wengine hawakuhesabiwa. Mbele yake nilimwita Mama Mkubwa. Ami alikwenda Polandi akitokea Unguja kusomea uhandisi wa maji. Akarudi, si Unguja bali Maskati, Omani walikotoka mababu zetu, kama tulivyorudi wengi wetu mahali ambapo hatujawahi kuwapo, akiwa na shahada, koti zito lisilo na kazi, na yeye.

Walifikia kwenye fleti za Ruwi, mtaa wa Maskati, ghorofa ya tatu, sisi tukiwa ya pili, na Bibi, mama yao kina baba, akikaa kwetu. Bibi alijua Kiswahili, na Kiarabu cha kusalia. Kwa hiyo Mke wa Ami alijifunza Kiswahili kwa Bibi, jikoni, juu ya mbuzi ya nazi. Matokeo yake ni kwamba mwanamke mrefu mwenye macho ya kijivu alizungumza kama ajuza wa mjini Unguja, na "nnakwambia" zake na "ati" zake zote. Dada anayenisaidia kazi nyumbani, ambaye ni mtu wa Singida, mara ya kwanza kumsikia alinifuata jikoni akanong'ona: "Mama, yule bibi Mzungu anaongea kizee kumshinda bibi yangu mzaa mama."

Ami alikuwa mhandisi jasiri na mtoto mwoga. Bibi alipomuuliza mke wake anafanya kazi gani, ami alisema ni mwalimu. Mke wa Ami hakuelewa, akatabasamu, na kwa miezi minane akawa mwalimu. Siku Kiswahili chake kilipokomaa alimsikia Bibi akimsifu kwa wageni kwa ualimu wake. Akaacha kukuna nazi, akapangusa mikono, akaja sebuleni kusahihisha.

"Mie si mwalimu, mama. Mie mwigizaji."

Wageni wakatazama vikombe vyao vya kahawa. Bibi akamuuliza anaigiza nini. Akajibu, watu. Watu gani?

"Wanaokufa, zaidi."

Bibi akasema maneno ambayo ukoo umegombania maana yake kwa miaka arubaini na zaidi: "Basi hapa pumzika, mwanangu."

Wako wasemao Bibi alimhurumia, kwa kuwa kufa kila siku lazima kuchoshe. Wako wasemao alimpiga marufuku, kwa ustaarabu. Nilipomuuliza Mke wa Ami mwenyewe, nikiwa nimeshahitimu chuo kikuu na ninauliza watu maswali kama afisa uhamiaji, aliniambia yote mawili yalikuwa kweli, na kwamba Bibi angekuwa mwigizaji mzuri sana.

Akapumzika, basi, ila kwa namna yake.

Zama zile kila nyumba ya Ruwi ilikodi kanda za video, filamu za Kihindi za saa tatu, zenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Bibi, mama yangu na majirani walizitazama kwa kubahatisha: huyu analia, basi kafiwa, huyu anacheka, basi ndiye muuaji. Alasiri moja Mke wa Ami alichukua kigoda, akakiweka kando ya televisheni, ubavu kwa skrini, akaanza kusoma yale maandishi kwa Kiswahili. Shujaa, adui, mama mzazi, hakimu, wote kwa sauti moja, tambarare, kama mtu wa redio anayesoma hali ya hewa. Chini ya sauti yake Wahindi wenyewe waliendelea kulia na kutukanana.

Mama yangu alivumilia robo saa. Kisha akauliza mbona hatii chumvi.

"Chumvi imo mle," akasema Mke wa Ami bila kugeuka. "Mie sahani tu."

Baadaye alitueleza kwamba kwao ndivyo filamu za nje zinavyooneshwa kwenye televisheni. Anakaa mtu mmoja, anawasoma watu wote, na sifa yake ni kutosikika. Akianza kulia na yeye, kaharibu, kwa sababu aliye kwenye picha amelipwa kulia, na aliye kwenye kochi anataka kulia, na msomaji kaja kuwaziba njia. Tulidhani ni ubabaishaji wa mtu asiyejua kuigiza. Lakini baada ya mwezi hatukuweza tena kutazama bila yeye. Binti mmoja wa ghorofa ya kwanza alijaribu kumshikia zamu akatia vilio na vicheko, na wanawake wakamwomba, kwa heshima zote, akatazame kama chai imechemka.

Nyimbo hakuzisoma. Wimbo ukianza, alinyanyuka kwenda jikoni, akarudi ukiisha. Nyimbo haziguswi, alisema. Wala hakuongeza neno lake hata moja. Mama alimsihi mara nyingi amwambie yule bibi harusi mjinga kwamba mwanamume yule ni mwongo, angalau kwa Kiswahili, angalau mara moja. Alikataa. "Hajasema hivyo," alijibu. "Nimsemee nini?"

Ami alipofariki, sisi tukiwa tumeshahamia Bawshar, kwenye majumba makubwa ambayo huwezi kumwomba jirani chumvi bila kuwasha gari, Mke wa Ami hakulia mbele za watu. Alipokea rambirambi kwa sauti ile ya kigoda. Shangazi mmoja alinong'ona kwamba Wazungu machozi yao huganda. Miezi minne na siku kumi za eda wanawake walikuja kumliwaza alasiri, na kwa kuwa hakujua kuliwazwa, akawasomea filamu. Siku moja likaja lile tukio la mjane anayevuliwa bangili. Mke wa Ami akanyamaza katikati ya sentensi, akanyanyuka, akaenda jikoni, kama alivyofanya siku zote kwa nyimbo. Shangazi ndiye aliyepunguza sauti ya televisheni.

Ukimtoa kwenye kigoda, hakuna mtu niliyemjua asiyeweza uongo kama yeye. Biriani ikikosewa, alisema imekosewa, akala, akaomba tena, akasema bado imekosewa. Nilipomwonesha makala yangu ya kwanza iliyochapwa, aliisoma yote, akanirudishia, akaniambia nimeandika kama mtu anayejitazama kwenye kioo cha lifti. Sijawahi kupata uhakiki mfupi kuliko huo wala wa haki kuliko huo, na ndiyo maana sikumwonesha ya pili. Mama yangu alimlaumu: mwigizaji gani huyu asiyejua kudanganya hata kidogo, kwa adabu tu?

"Uongo nlikuwa nalipwa," akasema. "Bure sisemi."

Lakini siku nyingine aliniambia, bila mtu kumuuliza, kwamba jukwaani ndipo mahali pekee alipowahi kusema kweli mbele ya watu wengi. Nikamkumbusha ile ya uongo wa kulipwa. Nilikuwa na umri wa kupenda kumkamata mtu akijipinga. Akanitazama kama anayetazama mtoto aliyegundua kwamba usiku kuna giza. "Saa moja ya asubuhi, saa moja ya jioni," akasema. "Siku ina zote mbili, ati."

Ujuzi wake wa kufa ulitufaa siku ambayo hatukuitegemea. Wanawake wa ukoo walipoanza kuzeeka, akavunjika mmoja nyonga na mwingine kifundo cha mkono, Mke wa Ami alitangaza kwamba tatizo si uzee, tatizo ni kutojua kuanguka. Akaagiza magodoro yashushwe kwenye majlisi yetu ya Bawshar, ule ukumbi wa wageni, wanaume watoke, milango ifungwe. Akiwa na zaidi ya miaka sitini, akasimama katikati ya zulia, akalegea kuanzia goti, kisha paja, kisha ubavu, kisha bega, na kufika chini bila kishindo, kama kanga inayoteleza kwenye kamba. Tulidhani amekufa. Mama alianza kumtamkia shahada. Akafungua jicho moja akasema tupange foleni.

Tuliangushana wiki tatu, kila Jumatatu. Alituambia kuanguka kuna adabu yake, na adabu ya kwanza ni kukubali kwamba unaanguka. Anayebishana na ardhi ndiye anayevunjika. Mimi nilikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote, kwa kuwa nilitaka kuelewa nadharia kwanza. Mama yangu, miaka mitano baadaye, aliteleza chooni akatoka na alama moja ya buluu kwenye paja, akitamba nyumba nzima kwamba ameanguka vizuri.

Na ile sauti tambarare haikuwa sauti yake yote. Enzi za uhai wa ami, Ijumaa asubuhi, ami alikuwa akimpeleka Qantab, kwenye ile ghuba ndogo ya wavuvi, amwache kwenye mawe mwisho wa ufuko, na yeye akasome gazeti garini. Huko Mke wa Ami alitoa mashairi ya kwao kwa Kipolandi, kwa sauti iliyogonga mlima ikarudi. Wavuvi walivumilia Ijumaa tatu. Ya nne mzee mmoja akagonga kioo cha gari akiwa na samaki wawili aina ya changu kwenye mfuko, akamwambia ami kwa Kiarabu, kwa huruma ya mwanamume kwa mwanamume, kwamba ampe mkewe hawa, aongeze na kipande cha dhahabu, kosa lolote alilolifanya litasamehewa. Ami aliwachukua samaki. Alisema angefanyaje, kueleza kungekuwa kurefu.

Kazi yake yenyewe aliisimulia vipande vipande, tena ukimbana. Miaka kumi na moja jukwaani, katika mji wa baridi ambako watazamaji walikaa na makoti yao. Msimu wa kwanza alikuwa mtumishi anayeingia na sinia, na sentensi moja. Sentensi moja ndiyo ngumu, alisema. Ukiwa na mia, moja ikianguka nyengine zitaiziba. Ukiwa na moja, hulali. Akapanda pole pole, akapewa mbili, akapewa ukurasa, akapewa barua ya kusoma kwa sauti, mwisho akapewa mwanamke mzima, tangu pazia kufunguliwa mpaka kufungwa.

Filamu zilikuwa sita. Katika nne alikufa: kwa kifua kikuu, kwa risasi, kwa kuzama, na mara moja kwa mapenzi, lakini hiyo, alisema, mwongozaji hakuwa na akili. Katika ya tano alikuwa muuguzi anayefunga mlango. Katika ya sita alipita barabarani amebeba bata bukini, na yule bata alimtaja kwa heshima kuliko alivyowataja wanaume wote alioigiza nao. Bata, alisema, hakujua kamera iko wapi, na kwa hiyo alikuwa bora kuliko wote.

Nilimuuliza mara moja kama alijuta kuyaacha maigizo. 

"Nlikuwa na miaka thalathini na tatu," akasema. "Kwetu mwanamke akifika hapo wanaanza kumpa nafasi za mama. Nikaona basi, nende nikawe mama kweli."

Hilo halikuwa jibu, nami nilijua, na yeye alijua kwamba najua.

Sasa niseme kwa nini sikumwamini. Hakuwa na picha hata moja. Alikuja na sanduku moja, na ndani yake mlikuwa na sufuria mbili na kamusi. Mtandao ulipokuja nilimtafuta, nikampata mwanamke mwenye jina kama lake, bingwa wa kurusha mkuki. Kisha mjukuu wake akamwomba aigize nafasi ya bibi kwenye mchezo wa shule. Ukoo mzima tulijaza safu mbili. Watoto wakapaza sauti, wakarusha mikono, wakapigiwa makofi. Mke wa Ami akaingia, akaketi, akamenya chungwa, akasema maneno yake manne kwa sauti ya mtu anayemenya chungwa, akatoka. Mtu mmoja nyuma yangu aliuliza kama yule bibi ni mwigizaji au amekosea mlango. Nilicheka. Nakiri na hilo pia, maadamu tumo.

Tangu hapo nikawa nikimtaja kwa watu nasema "alikuwa mwigizaji, kwa maelezo yake." Kwa maelezo yake: maneno matatu tu, na chuo kikuu kizima kimo ndani yake.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika juu yake, nikaona nihakikishe kwanza. Niliiandikia taasisi moja ya Polandi inayohifadhi filamu za zamani. Nikaweka jina lake la kuzaliwa na picha moja ya Idi, nikauliza, kwa Kiingereza changu kilichopigwa pasi, kama mtu huyu aliwahi kweli kuwa mwigizaji. Ile "kweli" niliipigia mstari.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Filamu sita, kwa majina. Nafasi ishirini na tatu jukwaani, kwa majina. Na chini yake barua ya mwongozaji mwanamke, ambaye taasisi ilimpelekea habari zangu. Aliandika kwamba alimwona mwanamke huyu kwenye televisheni alipokuwa mtoto, katika ile filamu ya kifua kikuu, na kwamba ndiyo iliyomwingiza kwenye kazi hii. Alidhani amekwishakufa. Alikuwa anatayarisha filamu yenye nafasi ya mwanamke mzee, na angependa kuzungumza naye. Je, ninayo namba yake ya simu?

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya, na angelifanya akijiona ana adabu. Mjane mzee hapigiwi simu na wageni hivi hivi. Mambo yake hupitia kwa mwanawe mkubwa. Nikampa mwongozaji namba ya mwanawe mkubwa, binamu yangu, mtu wa wizara, ambaye hata mzaha huutia mhuri. Nikamsihi asinitaje.

Binamu aliwajibu siku ile ile kwamba mama yake anawashukuru, lakini anapumzika. Mama mwenyewe hakuambiwa kitu. Ijumaa iliyofuata, mama yake akiwa chumbani anasali, aliweka kijiko chini akatuuliza nani kawapa Wapolandi namba yake. Hapo ndipo nilipoutoa ubalozi kafara.

Sasa ukoo wote ulijua habari hii isipokuwa mwenye habari. Ningeweza kwenda kumwambia. Lakini kumwambia ni kusema nilijuaje, na kusema nilijuaje ni kufika kwenye ile "kweli" yenye mstari. Nikakaa kimya. Wiki ya kwanza nilijiambia binamu anamjua mamake kuliko mimi. Mwezi wa pili nilijiambia moyo wake ni dhaifu. Mwezi wa nne mwongozaji akaniandikia tena. Alisema filamu lazima ianze, atampa mtu mwingine ile nafasi mwisho wa mwezi, na aliuliza kwa upole kama bibi ni mgonjwa.

Nilimkuta Mke wa Ami kwake Bawshar, baada ya Adhuhuri, amesimama anapiga pasi mitandio yake mwenyewe, jambo ambalo hakumwachia mtu. Sikuzunguka. Nikamwambia kuna mwongozaji kwao anamtafuta kwa filamu. Kwamba namba ya mwanawe niliitoa mimi. Kwamba mwanawe alijibu anapumzika. Nikaeleza yote isipokuwa swali lililoanzisha yote.

Aliendelea na pasi mpaka mwisho wa mtandio. Akaukunja.

"Lini?"

"Miezi minne sasa, Mama Mkubwa."

"Nafasi ya nani?"

"Bibi mmoja. Yumo filamu nzima."

"Anakufa?"

Nikasema sijui.

"Uliza," akasema, akazima pasi.

Niliandika pale pale, nimesimama, na jibu likaja kabla kahawa haijapoa: hafi. Mke wa Ami alilisoma mwenyewe kwenye simu yangu, mara mbili, kwa miwani na bila miwani. Kisha akampigia mwanawe, akamwambia aje akitoka kazini, na kwamba hapana, hakuna aliyeumwa.

Nilibaki kwa sababu aliniambia nibaki. Binamu alikuja na kofia yake mkononi, akambusu mama yake kichwani, akaniona, na akaelewa kwamba kuna jambo ingawa hakujua lipi. Alipoulizwa hakukataa. Alieleza moyo wa mama yake, safari, baridi ya kule, watu watasemaje. Mwisho, akitafuta pa kuegemea, akaegemea kaburi la Bibi: si Bibi mwenyewe alimwambia apumzike?

Mama yake akamjibu kwa ile sauti ya kigoda, isiyopanda wala kushuka.

"Miaka arubaini nimewasomea watu humu ndani. Wazuri na wabaya. Sijamtia mtu neno ambalo hakusema. Weye umenisomea mimi, mamako, nisiyosema."

Binamu yangu ana umri wa miaka arubaini na minne na watu wazima huogopa sahihi yake. Alikaa chini kwenye zulia kama aliyefunzwa kuanguka. Akauliza nani kamwambia.

"Sikwambii," akasema mama yake, kwa kuwa kusema "simjui" asingeweza. Hakunitazama. Binamu naye hakunitazama, na tangu siku hiyo hajauliza tena, jambo ambalo linanitia wasiwasi kuliko kuulizwa.

Haki yake nimpe: alipokubali, alikubali kwa mhuri. Alichukua likizo, akamtafuta daktari wa moyo atoe ruhusa, akanunua tiketi mbili, akaenda na mama yake. Tuliwasindikiza magari sita. Mke wa Ami aliagana na kila mtu kwa zamu, na aliponifikia mimi alinishika kidevu, akanitazama, akasubiri. Alikuwa anasubiri niseme kitu. Nikamwambia avae soksi nzito.

Alipiga simu siku ya tisa. Nilikuwa Ruwi, kwenye gari, nangoja mtu atoke nipate nafasi ya kuegesha, na nyuma yangu teksi inapiga honi. Sauti yake ilikuwa karibu mno, kama amekaa kiti cha nyuma. Aliniambia yuko kwenye chumba cha kungojea, kina kioo na taa zake, na kwamba mwanawe amelala kitini na mdomo wazi. Asubuhi wamepiga tukio lake la kwanza. Anakaa mezani, anaambiwa habari, hasemi neno. Dakika tatu.

Nikamuuliza limekwendaje. Akasema nimwambie kwanza mimi.

"Nikwambie nini, Mama Mkubwa?"

"Lile ulolibakisha. Siku ile ya pasi. Nlikuona unaruka ukurasa."

Honi ilikuwa inaendelea. Nikamwambia. Nikamwambia barua ya kwanza haikuwa ya kumtafutia kazi. Niliandika kuuliza kama alikuwa mwigizaji kweli. Kwamba miaka yote nilikuwa naona haya kuuliza na sikuona haya kutoamini. Mpaka ule mstari chini ya neno nikautaja. Huko kwake nikasikia mlango unafunguliwa na kufungwa.

"Walijibu nini?"

"Filamu sita. Na jukwaani nafasi ishirini na tatu."

"Ishirini na nne," akasema. "Lakini hiyo moja ni bora waisahau."

Nikaanza kumwomba radhi, kwa sentensi ndefu, za mtu anayejitazama. Alinikata.

"Mie mwenyewe nlikuwa sina hakika tena, mwanangu. Jana usiku nimelala nnajiuliza, au nliota? Bata yule, nliota? Miaka arubaini huna hata mtu mmoja wa kumuuliza ulikuwepo. Weye angalau uliuliza."

"Na sasa?"

Upande wa pili mtu alisema jina lake. Jina lenyewe, lile la kuzaliwa, kwa Kipolandi. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mwingine akilitamka. Akamjibu kwa lugha yao, kitu kifupi, kwa sauti ambayo haikuwa ya kigoda wala ya jikoni kwa Bibi.

"Sasa nnajua," akaniambia. "Haya, nakata. Wananiita."